Kuchagua Jukwaa la Wingu kwa Kazi za Wanafunzi wa Lugha

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna idara ya lugha inavyoweza kuchagua jukwaa la kompyuta za wingu kwa ajili ya mafunzo na miradi ya wanafunzi wake. Yumkini wapo watakaoona kwamba mada hii ni ya wahandisi, na kwamba jarida la lugha za Kiafrika si mahali pake. Sikubaliani nao. Mwanafunzi wetu wa fonolojia, wa fasihi simulizi au wa leksikografia harudi tena kutoka nyanjani na daftari peke yake. Hurudi na saa nyingi za sauti zilizorekodiwa, picha za miswada, na matini zilizokwisha pigwa chapa, kisha hutakiwa kuzichanganua kwa programu. Mradi wa Kencorpus, ulioshirikisha wasomi wa Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene University, ulikusanya maneno yapatayo milioni 5.6 na sauti ya saa 177 hivi katika Kiswahili, Kidholuo, na lahaja tatu za Kiluhya, yaani Kimarachi, Kilogooli na Kibukusu. Kazi ya namna hiyo haiwezi kufanywa na watu walioketi katika vyuo mbalimbali pasipo mahali pamoja pa kuiweka na kuishughulikia.

Wahadhiri wanapoulizana juu ya jambo hili, swali lao huwa ni moja: jukwaa lipi ni bora? Jibu nalo aghalabu hutegemea zawadi. Kampuni fulani inatoa dola mia, nyingine inatoa mashine za bure kwa saa kadhaa, nyingine inatoa hifadhi kubwa. Basi idara huiendea ile yenye mkono mkunjufu zaidi. Hoja yangu ni kwamba swali hilo limewekwa mahali pasipolifaa. Kabla ya kuuliza jukwaa linatupa nini, yatupasa tuulize kazi ya mwanafunzi itatokaje humo siku zawadi itakapokwisha, au mwanafunzi atakapohitimu, au kampuni itakapobadili nia. Mhandisi akipoteza zoezi lake ataliandika upya. Mwanafunzi wa lugha akipoteza masimulizi ya ajuza aliyekwisha kufariki hana pa kuyaandika upya.

Juu ya istilahi

Neno wingu, kwa maana hii, ni tafsiri sisisi. Wahandisi wa mawasiliano walizoea kuchora wingu katika michoro yao ili kuonyesha sehemu ya mtandao ambayo undani wake haukuhitajika kuelezwa. Mchoro ukawa jina, na jina likatufikia sisi bila ya ule mchoro. Katika Kiswahili wingu hutanda, huzuia jua, huleta mvua au hulaghai wakulima. Na tusemapo kwamba wingu la simanzi limetanda, hatusemi jambo la heri. Mtu aambiwaye kwamba kazi yake iko winguni hudhani kwamba iko juu, haiko kwa mtu yeyote.

Ukweli ni kinyume cha hayo. Kazi hiyo imo ndani ya nyumba kubwa yenye umeme, mitambo ya kupoza hewa na walinzi, katika nchi fulani, chini ya sheria za nchi hiyo, mikononi mwa kampuni yenye wanahisa. Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilitoa mwaka 2011 fasili ambayo imekubaliwa na wengi, ikitaja sifa tano: kwamba mtumiaji hujihudumia mwenyewe, kwamba huduma hufikiwa kwa mtandao, kwamba mitambo hutumiwa kwa ushirika na wateja wengi, kwamba kiasi chake huongezwa na kupunguzwa upesi, na kwamba matumizi hupimwa, kama vile mita ya maji inavyopima. Amazon ilipoanza mwaka 2006 kuwauzia watu wa nje nafasi ya hifadhi na nguvu za mashine zake, kwa kweli ilikuwa inafanya biashara ya zamani sana, nayo ni biashara ya kupangisha.

Kiswahili basi kina neno lisemalo ukweli kuliko wingu, nalo ni kupanga, kwa maana ya kukaa katika nyumba ya mtu kwa kodi. Mpangaji anajua kwamba kuna mwenye nyumba, kuna kodi, kuna notisi, na kuna siku ya kuhama. Sipendekezi kwamba tulitupe neno wingu, maana limekwisha kuenea, na sote tunajua jinsi tarakilishi, pamoja na kuungwa mkono na vitabu vya shule nchini Kenya, isivyoweza kuiondoa kompyuta vinywani mwa watu. Ninachoomba ni kwamba tunaposema wingu mbele ya wanafunzi, tuwafundishe kufikiri kama wapangaji.

Ukubwa wa mzigo

Apangaye nyumba bila ya kuhesabu vyombo vyake huishia kulipia vyumba vitupu au kulaza vitanda nje. Kwa hiyo hatuna budi kuanza na mzigo wenyewe, nao katika idara ya lugha ni wa aina tatu.

Mzigo wa kwanza ni matini. Hapa wengi wetu hutishika bure. Kongoo iitwayo Helsinki Corpus of Swahili, iliyotokana na juhudi za Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ina maneno yapatayo milioni 25 katika toleo lake la pili. Tukichukulia kwamba neno la Kiswahili pamoja na nafasi inayolifuata huchukua baiti saba hivi, matini yote hiyo, kabla ya kuwekewa maelezo ya kisarufi, haitazidi sana megabaiti 175. Flashi ndogo kuliko zote dukani itaibeba mara nyingi na kubaki na nafasi. Programu ya AntConc, iliyoundwa na Laurence Anthony na ambayo hutolewa bila malipo, hufanya kazi juu ya kompyuta ya kawaida. Mwanafunzi anayechunguza matumizi ya kiambishi -ki- katika riwaya tatu hahitaji wingu lolote, na mhadhiri anayempeleka huko anampa mzigo wa kujifunza asiouhitaji.

Kuna, hata hivyo, faida moja ya jukwaa la pamoja katika kazi ya matini ambayo haitajwi na wauzaji, nayo ni usawa wa maandishi. Mfano ulio karibu nasi ni alama ya ritifaa katika ng'. Mwanafunzi mmoja huandika ng'ombe kwa alama iliyosimama wima. Mwenziwe, bila ya kukusudia, programu yake humgeuzia alama iliyopinda. Jicho la msomaji halioni tofauti. Kompyuta huona maneno mawili, na programu nyingine huikata ng'ombe pale penye alama ikapata ng upande mmoja na ombe upande wa pili, kisha ikahesabu ombe kuwa nomino mpya. Kadhalika irabu ĩ na ũ za Gĩkũyũ na Kĩkamba zaweza kuhifadhiwa kama herufi moja iliyokamilika, au kama herufi ya kawaida iliyotwikwa alama yake kando. Wanafunzi ishirini wakifanya kazi katika kompyuta ishirini, idara itapata kongoo ishirini zisizopatana. Wakifanya kazi mahali pamoja, kwa programu moja ya kusafishia matini, kasoro hiyo huondolewa mara moja kwa wote. Mimi naliona hili kuwa sababu nzuri zaidi ya kutumia wingu katika darasa la isimu kuliko ukubwa au kasi.

Mzigo wa pili ni sauti, na hapo hesabu hugeuka. Rekodi ya mkondo mmoja, iliyopimwa mara 44,100 kwa sekunde kwa biti 16, huchukua baiti 88,200 kila sekunde. Hizo ni megabaiti 318 hivi kwa saa. Mwanafunzi aliyerekodi saa 40 za mahojiano ana gigabaiti 12.7. Akaunti ya bure ya Google humpa mtu gigabaiti 15, na humo zimo pia barua zake na picha zake. Fauka ya hayo, kwenye mtandao unaopandisha megabiti 2 kwa sekunde, mzigo huo utachukua saa kumi na nne kufika, iwapo hakuna kukatika. Anayenunua bando kwa simu atalipia kila gigabaiti. Ndiyo maana nashikilia kwamba asili ya sauti ikae kwenye diski mbili za nje, moja idarani na moja kwa mtafiti, na wingu lipelekewe nakala ya kufanyia kazi. Nakala hiyo yaweza kubanwa kwa mtindo wa FLAC, ambao hupunguza ukubwa bila ya kutupa chochote. MP3 haifai kwa fonetiki, kwani hupunguza ukubwa kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio la kawaida halizihitaji lakini mchunguzi wa mawimbi ya sauti anazihitaji.

Mzigo wa tatu ni ule wa kufundisha kompyuta yenyewe itambue usemi, itafsiri au iainishe maneno. Kazi hii hutaka vichakataji vya michoro, vile viitwavyo GPU, ambavyo bei yake haimo katika uwezo wa mwanafunzi, na mara nyingi haimo katika uwezo wa idara. Tuchukue mfano wa Whisper, programu ya kunukuu usemi iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022. Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zake. Kidholuo na Kĩkamba havimo. Mwanafunzi atakaye kuifundisha Kidholuo kwa rekodi zake atahitaji kupanga mashine kwa saa kadhaa. Hapo, na aghalabu hapo tu, wingu ni lazima.

Majukwaa na masharti yake

Kwa mafunzo ya darasani, majukwaa mawili ya Google ndiyo yaliyozoeleka zaidi. Colab humpa mtumiaji daftari la programu ndani ya kivinjari chake na, mara nyingi, kichakataji cha michoro bila malipo. Lakini Google haiahidi kiasi wala aina ya mashine utakayopewa. Kikao hakizidi saa 12, huvunjwa mapema zaidi mtumiaji anaponyamaza, na faili zilizomo katika mashine hufutika pamoja nacho. Kaggle, iliyoanzishwa mwaka 2010 na kununuliwa na Google mwaka 2017, ina tabia tulivu zaidi: kwa kawaida humwekea mtumiaji takriban saa 30 za GPU kwa juma, na huonyesha waziwazi zimebaki ngapi. Kwa mwalimu apangaye mazoezi ya muhula, kiasi kidogo kinachojulikana ni bora kuliko kingi kisichotabirika. Kwa sababu hiyo mimi huipendelea Kaggle kwa mazoezi ya pamoja, ingawa Colab ni nyepesi zaidi kwa anayeanza.

Baada ya hayo yapo majukwaa makubwa ambayo ndani yake mtu hupanga mashine nzima. Microsoft humpa mwanafunzi mwenye barua pepe ya chuo dola 100 za matumizi katika Azure kwa miezi 12, na haitaki kadi ya benki. Google Cloud hutoa dola 300 kwa siku 90, lakini hutaka kadi. Amazon ilikuwa ikimpa mgeni mwaka mzima wa matumizi madogo ya bure. Tangu Julai 2025 mpango huo umegeuzwa kuwa mkopo usiozidi dola 200 na muda wa miezi sita, na kadi inatakiwa vilevile.

Suala la kadi si dogo. Nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamili ng'ambo, chuo kilikuwa na mitambo yake na watu wa kuitunza, na sisi wanafunzi hatukujua bei ya chochote. Nadhani ndiyo sababu miongozo iandikwayo huko hupita mbio juu ya kadi na gharama ya mtandao, mambo ambayo kwetu ndiyo humwamua mwanafunzi kuendelea au kuacha. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2022 mwenye M-Pesa anaweza kupata kadi pepe ya Visa kupitia huduma ya GlobalPay. Hilo hufungua mlango, lakini halimwondolei mwalimu wajibu. Mashine iliyopangwa na kusahauliwa huendelea kuhesabu kama teksi iliyoachwa ikinguruma mlangoni. Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia alipanga mashine kwa majaribio ya siku mbili, akafunga kipakatalishi chake akidhani kwamba amefunga na ile mashine. Ankara iliyomfikia mwisho wa mwezi ilikuwa kubwa kuliko posho yake, na ilichukua majuma matatu ya kuandikiana barua na kampuni kabla ya deni kufutwa. Kwa maoni yangu, hakuna zoezi la darasani lipasalo kumtaka mwanafunzi aweke kadi yake. Penye haja ya mashine ya kulipiwa, idara ndiyo iwe mpangaji, na kikomo cha matumizi kiwekwe kabla ya mashine kuwashwa.

Wapo pia watoaji wa hapa nyumbani. Mtandao wa elimu wa Kenya, KENET, ulioanzishwa mwaka 1999, huviunganisha vyuo na huvipa huduma za seva pepe. Idara nyingi za lugha hazijawahi kubisha mlango huo, pengine kwa kudhani kwamba umewekwa kwa ajili ya vitivo vya sayansi.

Siku ya kuhama

Sasa tufikie kiini. Historia fupi ya majukwaa haya inatosha kumwonya mpangaji yeyote. Heroku, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo shule ya wanafunzi wa programu duniani kote, ilifunga huduma yake ya bure tarehe 28 Novemba 2022, baada ya notisi ya miezi mitatu. Miradi ambayo wenyewe walikwisha hitimu na hawakusoma notisi iliondoka nayo. Mfano wa pili unatugusa zaidi. Vyuo vingi vilijiunga na huduma ya Google ya elimu wakati ambapo hifadhi haikuwa na kikomo, vikahamishia humo kila kitu. Mwezi wa Februari 2021 Google ilitangaza kwamba kuanzia Julai 2022 kila taasisi itapewa terabaiti 100 za kugawana. Kiasi hicho kinasikika kikubwa. Chuo chenye watu 20,000 kikigawa sawasawa, kila mmoja hupata gigabaiti 5, yaani chini ya nusu ya yale mahojiano ya saa 40 tuliyoyahesabu hapo juu.

Sisemi kwamba kampuni hizi zimevunja ahadi; masharti yao yaliwaruhusu. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na walioazimwa ndio wapaswao kulikumbuka hilo, wala si mwazimaji. Yafaa pia tukiri kwamba kuhama kumekuwa rahisi kidogo: mwaka 2024 Google ilitangulia mwezi wa Januari, kisha Amazon na Microsoft zikafuata mwezi wa Machi, kuondoa ada waliyokuwa wakimtoza mteja anayetoa data zake ili ahame kabisa. Hata hivyo ada haikuwa kizuizi kikuu kwa mwanafunzi wetu. Vizuizi vyake ni vingine.

Cha kwanza ni akaunti. Mwanafunzi hufungua jukwaa kwa barua pepe ya chuo. Akihitimu, chuo huifunga anwani hiyo baada ya muda, na kazi hubaki ndani ya nyumba ambayo ufunguo wake umeyeyuka. Iwapo anatumia anwani yake binafsi, basi ni idara inayofungiwa nje. Njia ninayoiona kuwa salama ni mradi ufunguliwe kwa jina la idara, wanafunzi waalikwe humo kama washiriki, na ufunguo uwe kwa watu wawili wa kudumu.

Cha pili ni umbo la faili. Manukuu yaliyoandikwa katika umbo la kawaida la matini, au katika faili za ELAN na Praat, yatafunguka popote. Manukuu yaliyofanywa ndani ya huduma fulani yenye kupendeza macho, isiyo na njia ya kuyatoa isipokuwa kwa kunakili ukurasa mmoja mmoja, yamefungwa jela. Kabla ya kuliruhusu jukwaa lolote darasani, mhadhiri na atafute kitufe cha kutolea kazi zote kwa pamoja. Asipokiona kwa muda wa dakika kumi, ajue jawabu.

Cha tatu ni kumbukumbu ya kazi yenyewe, yaani nani alibadili nini na lini. Programu ya Git, iliyobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ilitatua jambo hili kwa namna inayompendeza mpangaji: kila nakala ya mradi hubeba historia yake yote. Wengi huitumia kupitia GitHub, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2018, lakini GitHub ikifungwa kesho, aliye na nakala kwenye kipakatalishi chake hajapoteza ila anwani. Tahadhari ni kwamba GitHub haipokei faili izidiyo megabaiti 100. Ni nyumba ya matini na programu, si ya sauti. Kongoo iliyokamilika na kuruhusiwa kutolewa hadharani yaweza kupelekwa Zenodo, ghala lililoanzishwa mwaka 2013 na linaloendeshwa na CERN, ambako rekodi moja hupewa gigabaiti 50 na namba ya kudumu ya kurejelewa.

Sauti za watu

Nimesema iliyoruhusiwa, na hapo pana sheria. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 huziweka asili ya kikabila ya mtu na habari za familia yake, yakiwemo majina ya wazazi, watoto na mwenzi wake wa ndoa, katika kundi la data nyeti. Hebu msomaji afikirie rekodi ya kawaida ya fasihi simulizi. Mzee hujitambulisha kwa ukoo, hutaja baba na babu, hueleza alioa wapi, kisha ndipo aanze hadithi. Katika dakika mbili za mwanzo, kabla ya ngano yenyewe, mwanafunzi amekwisha kukusanya takriban kila kitu ambacho sheria inakitaja. Sheria hiyo hiyo inautaja utambuzi wa sauti miongoni mwa data za kibayometria, na inaweka masharti ya kuzipeleka data nje ya nchi. Utafiti umepewa nafuu fulani, lakini nafuu hiyo haimfuti msimuliaji.

Kwa hiyo mahali ilipo mashine si jambo la wahandisi tu. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google Johannesburg mwaka 2024. Majukwaa mengi ya kupanga mashine humruhusu mpangaji achague kituo. Yale ya bure kama Colab hayamruhusu. Basi rekodi yenye jina la mtu isipelekwe Colab. Ipelekwe ile iliyokatwa utangulizi wake, ikapewa namba badala ya jina, na jedwali la namba na majina likabaki kwenye karatasi au diski ndani ya idara. Zaidi ya hayo, msimuliaji ana haki ya kuiondoa idhini yake. Siku mjukuu wake atakapopiga simu kusema kwamba mzee hataki tena sauti yake itumiwe, mwanafunzi atapaswa kujua nakala zote ziko wapi. Ambaye kazi yake imetawanyika katika huduma tano za bure hataweza kumjibu kwa ukweli.

Neno fupi juu ya masafa. Kebo za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009 tuliondokana na utegemezi wa setilaiti, na tukaanza kuuona mtandao kama maji ya bomba. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika kusini mwa pwani ya Afrika Mashariki, na nchi kadhaa, Kenya ikiwamo, zikaona mtandao umezorota kwa siku kadhaa. Idara iliyoweka mtihani wake wote ndani ya jukwaa la ng'ambo haiwezi kuuliza maswali juma la namna hiyo. Kila zoezi liwe na njia ya kufanyika kwenye kompyuta ya maabara isiyo na mtandao, hata kama kwa data kidogo zaidi.

Pendekezo la zoezi

Haya yote hayafundishiki kwa mhadhara. Zoezi ninalolipendekeza hufanywa katika juma la tatu la muhula, wakati kazi ya mwanafunzi ingali ndogo. Wanafunzi wawili wawili hupewa muda wa saa mbili waihamishe kazi yao yote kutoka jukwaa moja hadi jingine, tuseme kutoka Colab hadi Kaggle, au hadi kompyuta ya maabara iliyochomolewa mtandao, kisha waiendeshe huko na kupata matokeo yaleyale. Hawaruhusiwi kurudi walikotoka kuchukua kitu.

Yanayofichuka ni mambo ya kila siku. Programu inaita faili iliyo katika folda binafsi ya mmoja wao. Neno la siri limeandikwa ndani ya programu kwa herufi wazi. Rekodi kumi na mbili zina majina ya Audio 001 hadi Audio 012, na hakuna karatasi isemayo ni nani anayezungumza, wapi, wala katika lahaja gani. Kazi iliyofunguka upande wa pili hupewa alama zake. Isiyofunguka hurudishwa kwa wenyewe juma lilo hilo, ilhali msimuliaji angali hai na nauli ya kwenda kwake haijatumika kwa mambo mengine.